Maumivu Yanatengenezwaje Mwilini, na Kwa Nini Tusiyanyamazie

Kwa wageni wa jiji hili, Crescent Town ni yale maghorofa marefu yaliyo jirani na stesheni ya Victoria Park, mashariki ya Toronto. Ukishuka kwenye treni unakamata njia ya juu ya waenda kwa miguu, mara umeshatokea katikati ya majengo. Mimi naishi humo na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo.

Mada yangu katika toleo hili ni maumivu. Najua utasema, maumivu nani asiyeyajua? Hata mimi nilidhani nayajua, tena nasoma fiziolojia, yaani elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi. Kumbe nilikuwa najua ya kwenye daftari tu.

Mdogo wangu ana sikoseli, ule ugonjwa ambao vitabuni unaitwa selimundu. Usiku mmoja wa Februari, baridi ya miaka miwili iliyopita, alirudi kutoka kibaruani kubeba maboksi. Alivyoshika mlango tu nikajua. Mapaja na mgongo vilikuwa vimemkamata, hawezi hata kuinama kuvua viatu. Tukaita teksi, hao hospitali. Nesi akamuuliza lile swali wanalomuuliza kila mtu huku: "Kutoka sifuri mpaka kumi, maumivu yako ni ngapi?"

Mdogo wangu akavuta pumzi, akamwangalia nesi kwa heshima, akajibu kwa sauti ya upole: "Nne."

Nesi akaandika nne. Tukapewa vidonge viwili vya kawaida, tukaambiwa tukae tusubiri. Tulikaa mpaka kunapambazuka. Wiki ile ile nilikuwa na mtihani wa mfumo wa neva, nimekariri kila kitu, na sikufungua mdomo wangu. Makala haya ndiyo yale niliyotakiwa kuyasema usiku ule. Nne yenyewe tutairudia mwishoni. Kwanza tuingie darasani.

1. Kengele zilizo kwenye ngozi

Kwenye ngozi, misuli, mifupa na viungo vya ndani kuna ncha za neva ambazo kazi yake ni moja: kupiga kengele pale kitu kinapoharibu mwili au kinapokaribia kuuharibu. Tuziite vipokezi vya hatari. Sikuziita vipokezi vya maumivu kwa makusudi, na sababu utaiona mbele.

Chukua pilipili. Mwaka 1997 David Julius na wenzake huko California waligundua mlango mdogo wa protini ulio kwenye ncha hizo, unaofunguka ukiguswa na kapsaisini, ile kemikali inayoifanya pilipili iwashe. Ajabu ni kwamba mlango huo huo hufunguka kwa joto la kiasi cha nyuzi 43 za Selsiasi. Yaani ukisema pilipili mbuzi inakuunguza mdomo, hutanii: neva zako zinatuma taarifa ile ile ambayo zingetuma kama ungemeza uji wa moto. Mwaka 2002 ukapatikana mlango mwingine, wa baridi, ambao hufunguliwa pia na mentholi, ndiyo maana peremende ya minti inapoza ulimi bila barafu. Kwa kazi za namna hii Julius aligawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 na Ardem Patapoutian, aliyegundua vipokezi vya mgandamizo.

Sasa tuje nyumbani. Kaskazini na mashariki ya Kenya, na huko Ethiopia na Somalia, kuna fuko asiye na manyoya anayeishi chini ya ardhi kwa makundi makubwa. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba mnyama huyu ukimdunga kapsaisini au asidi kwenye ngozi hashtuki, wakati panya wa kawaida angeruka na kujilamba. Shimoni wanajazana, hewa chafu ya kaboni inakuwa nyingi, na hewa hiyo ikikutana na unyevu hugeuka asidi. Kama angeumia kama sisi, maisha yake yangekuwa mateso matupu. Basi neva zake zikabadilika vizazi kwa vizazi.

Somo la fuko ni hili: pilipili ni ile ile, ngozi mbili, majibu mawili. Maumivu hayako ndani ya pilipili. Yanatengenezwa na mfumo wa neva wa yule aliyeguswa.

2. Barabara mbili

Umeshawahi kujigonga kidole cha mguu kwenye kitanda usiku? Kwanza unapata mchomo mkali, mfupi, unajua kabisa ni kidole gani. Halafu, baada ya muda kidogo, linakuja wimbi la pili: zito, linafukuta, linakutia kichefuchefu.

Hizo ni barabara mbili tofauti. Ya kwanza ni ya neva nyembamba zilizofunikwa na mafuta kidogo, zinazokwenda kama mita 5 mpaka 30 kwa sekunde. Ya pili ni ya neva nyembamba zaidi zisizo na kifuniko, zinazojikokota kiasi cha nusu mita mpaka mita mbili kwa sekunde. Kutoka kidoleni mpaka mgongoni ni karibu mita moja. Piga hesabu mwenyewe, utaona kwa nini wimbi la pili linachelewa.

Barabara zote mbili huingia kwenye ugwe mgongo, yaani ule mkia laini wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo. Ukishika sufuria la moto, ugwe huo haungoji ruhusa ya ubongo, unaamuru misuli ivute mkono hapo hapo. Mkono unaondoka kwanza, "yallah!" inafuata baadaye.

3. Mlango wa kwenye ugwe

Zamani watu wengi walifikiri neva za maumivu ni kama kamba ya kengele ya kanisa: ukivuta huku, inalia kule, kwa nguvu ile ile uliyovuta. Mwaka 1965 Mkanada Ronald Melzack na Mwingereza Patrick Wall walichapisha nadharia iliyovunja fikra hiyo. Walisema kwamba ndani ya ugwe mgongo kuna kitu kama mlango. Taarifa za hatari zinapofika, mlango unaweza kuziachia zote, kuzipunguza, au kuzizuia.

Nani anaufunga mlango? Mmojawapo ni mguso wa kawaida. Neva za mguso ni nene na zina mbio kuliko zile mbili za juu. Ukijigonga goti na kulisugua, taarifa za mguso zinasaidia kuzima zile za maumivu. Kwa hiyo mama aliyekuwa anakusugua ulipoanguka huku akisema "pole mwanangu, yameisha" alikuwa anafanya sayansi bila hata kumjua Melzack.

Vipengele kadhaa vya nadharia ile vimerekebishwa tangu hapo, lakini kiini chake kimebaki: taarifa ya maumivu hupunguzwa au kuongezwa njiani kabla haijafika ubongoni.

4. Ubongo nao una usemi wake

Taarifa ikivuka mlango hupanda mpaka thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo, na kutoka hapo inagawanywa sehemu nyingi. Sehemu moja inaeleza ni wapi panauma na kwa kiasi gani. Nyingine inashughulika na ile hali ya kuchukia na kuogopa. Nyingine inalinganisha na kumbukumbu: hii nimeshaiona? Ni ya hatari? Hakuna chumba kimoja ubongoni kinachoitwa "chumba cha maumivu".

Na ubongo hausikilizi tu, unatuma amri chini pia. Kutoka kwenye shina la ubongo zinashuka neva mpaka kwenye ule mlango, na zinaweza kuukaza. Mwaka 1975, huko Aberdeen, Hans Kosterlitz na John Hughes waligundua kwamba ubongo unatengeneza kemikali zake zinazofanya kazi kama mofini. Hiyo mofini ya hospitali inatumia tundu la ufunguo ambalo mwili ulishajichongea.

Mfano tunaoujua Waafrika Mashariki ni wa David Livingstone, yule ambaye Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo. Mwaka 1844, kusini mwa Afrika, simba alimrukia na kuuvunja mfupa wa mkono wake wa kushoto. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba simba alipokuwa anamtikisa alipatwa na hali kama ya ndoto, hakusikia maumivu wala hofu. Lakini jeraha lilikuwa la kweli kabisa: mwili ulipofika London mwaka 1874, ulitambuliwa kwa mfupa ule.

Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na jeraha kubwa na asisikie maumivu kwa muda. Anaweza pia kuwa na maumivu makali bila jeraha lolote la kuonekana, kama aliyekatwa mguu na bado vidole ambavyo havipo vinamuuma. Jeraha ni jambo moja, maumivu ni jambo jingine. Ndiyo maana nilikataa mwanzoni kuziita zile ncha vipokezi vya maumivu: kazi yao ni kupokea hatari, na maumivu yanatengenezwa huku juu.

5. Kengele inayokataa kuzima

Hapa ndipo penye hatari. Sehemu ikiumia, mwili humwaga kemikali za uvimbe, zikiwemo prostaglandini. Kemikali hizo hazilazimiki kupiga kengele zenyewe, lakini zinailegeza, iwe rahisi kulia. Ule mlango wa nyuzi 43 sasa unafunguka kwa joto dogo zaidi, ndiyo sababu maji ya uvuguvugu yanaunguza ngozi iliyobabuka. Aspirini na ibuprofeni hufanya kazi kwa kuzuia prostaglandini zisitengenezwe, jambo ambalo John Vane alilionyesha mwaka 1971.

Kengele ikilia muda mrefu, ugwe mgongo nao unabadilika. Mwaka 1983 Clifford Woolf alionyesha kwamba neva za kwenye ugwe zikipigwa sana na taarifa za maumivu zinakuwa kali kupita kiasi, mpaka mguso wa kawaida unaweza kuuma. Na hapa hapa Toronto, Michael Salter wa hospitali ya watoto ya SickKids, pamoja na watafiti wa Kijapani, walichapisha mwaka 2003 kazi iliyofanywa kwa panya. Waligundua kwamba neva ikijeruhiwa, seli za ulinzi zilizo ndani ya ugwe huamka na kushiriki kuyakuza maumivu. Seli hizo si neva kabisa, ni kama askari wa usiku, ila wakishaamka hawalali kirahisi.

Maana yake ni kwamba maumivu yasiyotibiwa hayakai mahali pamoja yakikungoja uwe tayari. Yanaweza kuufundisha mfumo wa neva kuumia zaidi. Ule msemo wa "acha, yatapita yenyewe" si wa kuutumia kila wakati.

6. Turudi kwenye ile nne

Katika sikoseli, chembe nyekundu za damu zinajikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Nyama na mifupa iliyo mbele ya kizuizi inakosa oksijeni. Asidi inajikusanya, kemikali za uvimbe zinamwagika, vipokezi vya hatari vinapiga kelele ndani kabisa ya mfupa. Hakuna damu inayotoka, hakuna kidonda, hakuna cha kumwonyesha nesi. Baridi inaweza kuanzisha hali hii, na Toronto baridi hatununui. Watu wazima wengi wenye sikoseli wana maumivu hata siku zisizo za mashambulizi, kengele zao zimeshalegea.

Halafu mtu huyo amekaa anajibu "nne", uso mkavu, anachezea simu. Nesi angejuaje?

Nilimwuliza mdogo wangu siku tatu baadaye, akiwa amekaa kitandani na blanketi mbili. "Kwa nini ulisema nne?"

"Kaka, si kumi ni mtu anayekufa? Mimi nilikuwa sifi."

"Na nane je?"

"Nane ni mtu anayepiga kelele. Mimi sikupiga kelele. Mjomba aliniambia toka mdogo, mwanaume anajikaza."

Nilinyamaza. Mimi mwenyewe nilishamwambia "jikaze" mara ngapi? Tulilelewa hivyo wote. Na tusidanganyane, kujikaza kuna faida yake. Kuelekeza akili kwenye simu, kupumua taratibu, kuswali, hayo yote yanaweza kuutumia ule mlango wa kutoka ubongoni kwenda chini. Anayecheka na wenzake huku anaumwa siyo mwongo. Lakini kupunguza maumivu ni jambo moja, na kuyaficha ni jingine. Mdogo wangu alikuwa anaumwa kwa kiasi chake chote. Kilichokuwa kidogo ni namba aliyoitaja.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi hasa. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, kuhusu wanafunzi weupe wa udaktari na madaktari weupe walio mafunzoni. Karibu nusu yao walikubali angalau dai moja la uongo juu ya miili ya watu weusi, kama vile kwamba ngozi yetu ni nene zaidi au ncha za neva zetu hazina hisi kali. Waliokuwa na imani hizo waliyakadiria maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo, na ushauri wao wa matibabu ulikuwa na makosa zaidi. Msomaji, umeshasoma vipengele vitano hapo juu. Hakuna hata kimoja kinachobadilika kwa rangi ya mtu.

Sasa weka vitu viwili pamoja: upande mmoja mgonjwa aliyefundishwa kupunguza, upande wa pili mhudumu ambaye pengine anapunguza bila kujijua. Nane inakuwa nne, nne inakuwa mbili, na usiku unapita.

7. Tufanye nini?

Hakuna mashine hospitalini ya kupimia maumivu kama kipimajoto. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilirekebisha maana rasmi ya maumivu, na kikasisitiza kwamba mtu akisema anaumwa, kauli yake iheshimiwe. Kipimo ni neno lako. Basi lifanyie kazi.

Kwanza, elewa ile namba. Kumi si kifo. Kumi ni maumivu makubwa kabisa unayoweza kuyafikiria wewe. Usijilinganishe na mgonjwa wa kitanda cha pili, wala na mjomba.

Pili, taja kazi iliyoshindikana. "Siwezi kuinama kuvua viatu" ni taarifa inayoeleweka kwa kila nesi, hata kama sura yako imetulia.

Tatu, tumia maneno. Melzack yule yule alitengeneza mwaka 1975 orodha ya maneno ya kuelezea maumivu, iliyopewa jina la Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, kwa sababu aliona namba peke yake haitoshi. Na Kiswahili hatukukopa: kinachoma, kinawasha, kinapwita, kinafukuta, kinanyonga, kinakata, kichomi, msokoto, ganzi. Kila neno linaweza kumdokezea daktari aina ya tatizo. Kaa na mwenzako siku ukiwa mzima, mtafute maneno yanayolingana kwa Kiingereza. Usingoje saa nane usiku.

Nne, mwenye sikoseli aombe kwa daktari wake barua inayoeleza ugonjwa wake na dawa zinazomfaa, atembee nayo. Akipatwa, ajifunike joto na anywe maji; barafu asiweke. Akiwa na homa, kifua kinauma au pumzi inabana, asisubiri nyumbani hata kidogo.

Tano, tusiogope dawa kali kwa sababu ya jina lake. Mofini ni dawa ya kusimamiwa na mtaalamu, na ina hatari zake, hilo tunaliona mitaani hapa Kanada. Lakini Uganda wametufundisha: tangu Hospice Africa Uganda ianzishwe mwaka 1993, mofini ya maji imekuwa ikitolewa kwa wagonjwa mahututi, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu manesi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Kama nchi yenye madaktari wachache iliona maumivu ni jambo la kutibiwa, sisi wa huku tunaona aibu ya nini?

Sita, na hili najiambia mimi kwanza: ukimsindikiza mgonjwa, usiwe mti. Kama unajua nne yake ni nane, sema.

Kwa kumalizia

Baridi iliyopita tulikwenda tena. Nesi mwingine, swali lile lile. Mdogo wangu akanitazama, halafu akamgeukia nesi. "Nane. Linapwita ndani ya mfupa wa paja, na siwezi kusimama." Akatoa barua mfukoni. Sitasema kila kitu kilikwenda kama maji, tulisubiri tena. Lakini safari hii alipewa dawa inayolingana na maumivu yake, na asubuhi alipita ile njia ya juu ya Victoria Park kwa miguu yake mwenyewe, taratibu, amejifunga skafu mpaka machoni.

Jioni mama mdogo alipiga simu kutoka nyumbani. "Mwanangu, umejikaza?"

"Hapana mama," akamjibu. "Nimesema."

Wasalaam, na tuonane toleo lijalo.